Matanga ya Shangazi Keziah

Jumatatu, 8 Juni 1857. Korongo la Kasuku.

Baridi kali. Maji ya ndoo yameganda. Mkate niliouoka majivuni nao umeganda, nimeupasua kwa shoka. Nimekunywa chai vikombe vitatu, mikono bado haina habari.

Leo tumefika futi tisini na sita. Nasema tumefika. Aliyefika ni mwenzangu Digory Trezise, mtu wa Cornwall, mabega yake hayapiti mlangoni mwa hema mpaka ageuke upande. Yeye anachimba kule chini tangu asubuhi mpaka machweo. Mimi niko juu kwenye winchi. Navuta ndoo, namwaga udongo, nashusha ndoo, nafikiri. Kufikiri ni kazi, ila haionekani.

Chini yetu kuna mto. Mto wa kale, uliozikwa na ardhi kabla hapajawa na mtu wa kuupa jina. Maji yake yamekwisha, dhahabu yake imebaki sakafuni. Hakuna ajuaye umekatiza wapi. Ukiukosa kwa hatua kumi, umejichimbia kaburi. Nikilifikiria jambo hili mwili unanisisimka. Mto mzima! Chini ya buti zangu!

Digory ana mke, Loveday, na mabinti watatu kwao. Shimo likitoa dhahabu, atawaita. Likitoka tupu, yeye anarudi kwenye machimbo ya bati, na mimi narudi kwetu Taunton kuuza vifungo katika duka la shemeji yangu Wilfred. Hili ni shimo letu la tano. La sita hatuna nguvu nalo. Vifungo, kamwe!

Kero ya siku: Heffernan. Mwairishi, sharubu nyekundu, shimo lake liko hatua ishirini tu kutoka letu. Letu ni la watu wawili, lake la mtu mmoja. Sheria inataka mwenye shimo awepo kila siku na afanye kazi. Kazi kiasi gani, haisemi. Basi bwana huyu anatoa ndoo moja asubuhi, kisha anaigeuza, anaikalia, anavuta kiko. Miezi miwili yuko futi thelathini zilezile. Analichunga shimo kama mtu anayechunga mbuzi. Anangoja sisi tufike chini, aone mto umeelekea wapi. Ukielekea kwake, achimbe. La sivyo, afunge mizigo. Jasho letu, faida yake!

Nikamwambia huo ni wizi. Akatoa kiko mdomoni. "Jasho lenu? Tuckett, bwana, jasho hilo ni la Trezise. Wewe unafuka mvuke wa chai tu."

Na wala hahitaji kuchungulia. Anasikiliza. Digory huimba akichimba, nyimbo za kanisani kwake. Udongo ukiwa mzuri anaimba za furaha, ukiwa mbaya anaimba za toba. Sauti inapanda kutoka ardhini hadi ng'ambo ya korongo. Machimbo yote yanajua hali ya shimo letu kuliko mimi.

Jumanne, 9 Juni.

Saa nne asubuhi ndoo ilipanda na kipande cha mti. Mti! Kutoka futi mia na mbili! Si mzizi. Gogo, lenye gome lake. Nikalibandua tope, na ndani ya tope kulikuwa na jani.

Jani moja. La kijani. Nililiweka kiganjani na nikaona mishipa yake yote. Halafu likaanza kugeuka. Likawa kahawia, likawa jeusi, mimi nalitazama, muda wa kuhesabu hadi hamsini tu. Digory anasema miti ile ilizama katika gharika ya Nuhu. Tangu gharika ya Nuhu jani lile lilikaa kijani gizani, likaja kufia mkononi mwa Ambrose Tuckett wa Taunton. Nilivua kofia. Sijui kwa nini. Nimelibandika hapa, doa hili ndilo lenyewe.

Mti una maana moja: ukingo wa mto uko karibu. Digory naye alijua. Akaanza wimbo wa furaha kule chini, sauti yote. Heffernan akainuka kwenye ndoo yake! Mara ya kwanza tangu Pasaka! Nikalifunika gogo kwa koti, nikalikalia, nikajifanya nafunga buti.

Digory alipopanda kula, nikamwomba asiimbe. Akasema hawezi kuchimba bila kuimba, kifua kinaziba. Nikamwomba basi aimbe za huzuni. Za maziko, ikiwezekana. Akanitazama kwa macho yake ya ndama akauliza nani amefariki.

Ningesema nini? Nikasema shangazi yangu. Keziah. Habari imekuja kwa barua.

Sina shangazi. Baba yangu alikuwa na kaka tu. Lakini Digory alinishika bega, bega likauma, akasema, "Pole sana, ndugu yangu Ambrose. Nitamwimbia mpaka siku ya saba." Mpango umekaa vizuri kuliko nilivyotarajia.

Jumatano, 10 Juni.

Digory ameimba za maziko kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja. Mfululizo! Sijapata kusikia kitu kama kile. Sauti nzito inatoka tumboni mwa dunia, polepole, neno kwa neno, na ukungu umelala juu ya mikaratusi. Wachimbaji wa upande wa pili walisimamisha kazi. Mmoja alijipigia ishara ya msalaba. Hata ndege wale wa kicheko, ambao wamenicheka kila siku tangu nije nchi hii, leo walinyamaza. Mimi mwenyewe machozi yalinitoka, na shangazi simjui.

Kufikia mchana habari imeenea: shimo la Tuckett na Trezise limekufa. Heffernan alikuja na kuuliza vipi. Nikageuza uso. Nikasema sitaki kulizungumza. Akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Aisee. Futi zote zile." Nikaona sharubu zinalegea.

Sasa mpango wenyewe, niuandike wote. Heffernan akikata tamaa ataondoka. Shimo likiachwa, ni la yeyote atakayechomeka sururu yake ndani. Mto ukipita kwetu, lazima utoke upande mmoja, na upande mmoja ni kwa Heffernan. Mashimo mawili juu ya mto mmoja! Wilfred na vifungo vyake wataisoma habari hii gazetini.

Alhamisi, 11 Juni.

Wameondoka! Wote! Kuna habari za dhahabu mpya Tambarare ya Wombati, maili nne, na kwa kuwa huku wanaamini pamekufa, hawakuwa na cha kungoja. Asubuhi mahema yaling'olewa kama uyoga. Mikokoteni, mbwa, masufuria, wanawake juu ya magodoro. Nilisimama nikashangaa. Watu mia tatu wamehamishwa na wimbo mmoja! Nilijisikia mkubwa, na kidogo nikaogopa.

Heffernan aliondoka na sururu yake, beleshi lake na ndoo yake ya kukalia. Alinipungia mkono. Nilipunga kwa huzuni.

Wa mwisho alikuwa mama Quilty, mjane anayeuza pai za nyama ya kondoo, mwanamke ambaye ningependa anifikirie zaidi ya ninavyodhani ananifikiria. Alisimamisha mkokoteni wake kutuaga. Digory alikuwa juu anakula, na kabla sijafungua mdomo akamweleza kuhusu shangazi. Mama Quilty akashika mashavu. Akauliza alikufaje. Nikasema alianguka kwenye ngazi, akichuma mapeari. Akauliza miaka mingapi. Nikasema themanini na mbili. Akasema, "Mama wee! Miaka themanini na mbili na bado anapanda ngazi?" Nikasema ndivyo alivyokuwa, hakuambilika. Akanipa pai mbili bure na akaninyooshea kola. Kola yangu! Nilimtazama mpaka mkokoteni ukapotea. Huyu Keziah ni mtu wa maana sana.

Ijumaa, 12 Juni.

Andika polepole, Ambrose. Kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi nilimshusha Digory. Futi mia na tisa. Alisema changarawe zimeanza kuwa za mviringo, nyeupe. Mawe ya mtoni! Nikajua leo ndiyo leo. Sikuwa na muda wa kupoteza.

Sheria naijua. Mtu mmoja, shimo moja. Ukichomeka sururu yako katika la pili, umeliacha la kwanza, hata kama koti lako bado limening'inia pale. Mwezi uliopita Mskoti mmoja alipoteza hivyohivyo. Lakini yule alionekana! Leo nani aone? Korongo tupu. Kasuku tu. Nilikusudia kukaa na mashimo yote mawili hadi Jumatatu, kisha nimwandikie barua mtu wa kuaminika aje alishike moja kwa niaba yangu. Nani, ningemfikiria baadaye.

Nikamshushia Digory pai moja na chai. Nikamwambia kwa sauti naenda kutembea nusu saa, huzuni imenizidi. Akajibu kutoka chini nitembee salama.

Nikaenda kwa Heffernan. Nikachomeka sururu yangu, yenye herufi A.T. kwenye mpini, nimezichonga mwenyewe. Kisha nikashuka kwa vishimo vya kukanyagia vilivyochongwa ukutani, nione mali yangu. Pakavu. Pametulia. Hakuna upepo. Nikala pai ya pili. Nikaegemea ukuta nipige hesabu ya mwelekeo wa mto.

Nililala. Naandika ukweli, hii ni shajara yangu.

Niliamshwa na fidla. Nikadhani nimekufa. Nikatazama juu: duara la mbingu, na kuzunguka duara lile, vichwa. Sharubu nyekundu. Kofia ya mama Quilty yenye utepe mweusi. Waairishi wanane, mmoja na fidla, wengine na chupa.

"Tuckett," Heffernan akasema, "tumetembea maili nne kwenye tope kuja kukaa matanga ya shangazi yako. Humo ndani ya shimo langu unafanya nini, bwana?"

Matanga! Kwao, kumwacha jirani alie peke yake ni aibu kubwa. Mama Quilty aliwaambia jana, na leo wakaacha dhahabu ya Wombati, wakavaa nyeusi, wakaja. Nilipanda juu. Mama Quilty alikuwa anatazama sururu yangu, herufi A.T., kisha mimi, kisha sururu.

Hapo ndipo tukasikia. Wimbo. Kutoka shimoni kwetu, umekauka, unakatikakatika, lakini wa furaha. Furaha tupu. Digory alikuwa anaimba kule chini kwa saa nzima, anaita ndoo, na juu hakuna mtu.

Heffernan alikimbia. Sijapata kumwona akikimbia. Alishika winchi akaizungusha, na ndoo ikaja. Changarawe nyeupe, zimelowa. Hatukuwa na karai karibu, mama Quilty akachukua sinia la pai, akamwaga pai zote juu ya nyasi, akatia changarawe, akatia maji, akazungusha. Maji yalikuwa machafu. Akamwaga. Akazungusha tena.

Sijui nieleze vipi. Nimeuza vifungo vya shaba vilivyong'aa kuliko dhahabu ile. Haikumetameta. Ilitulia tu chini ya maji, ya manjano, nzito, imejaa ukingo wote wa sinia, imekaa kama kitu kilichokuwa na haki ya kukaa pale kabla yetu sote. Fidla ilinyamaza. Waairishi walivua kofia, mmoja mmoja. Mimi nilivua yangu. Kwa dakika ile, naapa, sikuwa na mpango wowote kichwani.

Kisha tukamvuta Digory. Mweupe kwa tope, analia, anacheka. Akamkumbatia Heffernan akidhani ni mimi.

Sheria inataka anayepata dhahabu apandishe bendera nyekundu hapohapo. Kitambaa chekundu hakikuwepo, ila flana yangu nyekundu ya ndani, ile ndefu, ilikuwa imeanikwa. Ikapandishwa. Kufikia jioni watu mia tatu walikuwa wamerudi, na wote waliisalimu.

Jumamosi, 13 Juni.

Kamishna wa machimbo, mwamuzi wa kesi za mashimo, alikuja juu ya farasi. Alisikiliza kesi akiwa amekaa kwenye gogo langu la gharika.

Nilisema sururu niliiegemeza tu. Mama Quilty akaulizwa. Akaniomba radhi kwanza, akanipa pole upya kwa msiba, kisha akasema ilikuwa imechomekwa mpaka shingoni. Nilisema nilishuka kuomboleza mahali palipotulia. Akaulizwa tena. Akasema kwa uchungu kwamba nilikuwa nakoroma.

Digory alisimama na kofia mikononi. Akasema, "Mheshimiwa, mhurumie ndugu yangu. Amefiwa." Kamishna akanipa pole. Akasema yeye pia alikuwa na shangazi. Halafu akasoma sheria: A. Tuckett ameliacha shimo la watu wawili na kuchukua shimo lililoachwa na Heffernan, futi thelathini, na hilo sasa ni mali halali ya Tuckett. Nafasi iliyobaki wazi kwa Trezise ni ya mtu wa kwanza kushika winchi.

Heffernan! Mtu aliyekaa miezi miwili juu ya ndoo!

Mchana wakafanya matanga hata hivyo, kwa kuwa chupa zilishafunguliwa. Walimsifu Keziah hadi jua lilipozama. Kila mtu alikuwa na jambo la kusema juu yake. Nilikula pai nne. Mama Quilty alikaa karibu na Heffernan.

Jumapili, 14 Juni.

Hakuna kazi leo. Digory alinijia hemani na kitu kimefungwa katika soksi. Akaniwekea mkononi. Kipande kimoja, ukubwa wa yai la bata, kimeviringwa na mto ule kwa miaka isiyo na hesabu. Mkono ulishuka kwa uzito. Nilikiangalia kwa muda mrefu.

Hakuja kujivuna. Alikuja nimwandikie barua, maana yeye kusoma anajua ila kalamu inamshinda. Nikaiandika kwa mkono wangu. Mke wangu mpendwa Loveday, mto upo. Njoo na watoto. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana. Alipoweka alama yake chini, tone la chozi likaangukia herufi L, nami sikulifuta. Alipoondoka nilikaa na wino mikononi. Niliona vibaya. Kweli niliona vibaya.

Jumatatu, 15 Juni.

Asubuhi Digory na Heffernan walinijia, wote wawili, wameosha nyuso. Nikajua kuna jambo.

Digory akasema wamezungumza. Kazi ni kubwa, winchi inahitaji mtu, na yeye hawezi kula vizuri akiniona nimekaa peke yangu. Kamishna amekubali shimo liwe la watu watatu. Theluthi yangu, sawasawa na wao. Sharti ni moja: ning'oe sururu yangu shimoni kwa Heffernan kabla ya saa sita mchana.

Theluthi! Nilikwishanyoosha mkono.

Halafu Heffernan akasema, eti kwa wema, "Chukua tu, bwana. Shimo lile halina kitu. Mto umekata kushoto, hauendi kule kabisa."

Nikaurudisha mkono. Ngoja kwanza. Watu wenye dhahabu wanataka nini kwenye shimo lisilo na kitu? Kwa nini kabla ya saa sita? Kwa nini wote wawili? Kwa nini wameosha nyuso? Mtu hatoi theluthi ya mto bure. Wameona kitu kule chini. Umekata kushoto! Basi umekata kulia, na kulia ni kwangu!

Nikawaambia nashukuru, nitabaki na mali yangu. Heffernan alinitazama, kiko kikamponyoka mdomoni. Digory alisema, "Ndugu yangu, fikiri." Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu. Akanishika bega, taratibu safari hii, akasema leo ni siku ya saba ya msiba na hajasahau, akaenda.

Saa sita ikapita. Mama Quilty alipita na pai. Hakuninyooshea kola.

Saa tisa alasiri nikasikia. Kutoka shimoni kwao, futi mia na kumi na mbili chini, kwenye sakafu ya dhahabu: wimbo wa maziko! Ule ule, polepole, neno kwa neno. Korongo zima likanyamaza. Ilikuwa kama Jumatano ile.

Lakini mimi si mtu wa kuchezewa. Mtu aliye juu ya dhahabu anaimbaje za maziko, kama si kuficha mto umeelekea wapi? Mbinu hiyo naijua, niliitunga mimi! Nilimwuliza Heffernan kwa mbali wimbo huo ni wa nini. Akavua kofia, akasema Trezise anamwimbia shangazi Keziah.

Shangazi Keziah! Wananiona mtoto. Sina shangazi.

Nimetoa ndoo moja ya udongo. Nimeigeuza, nimeikalia, na ninawasikiliza.